Uchumba Uvunjwe Kabla ya Kona

Nilicheka matangani, na afadhali niiseme habari hiyo mwenyewe kabla wengine hawajaisema kwa niaba yangu. Tulikuwa Roret Jumamosi iliyopita kumzika rafiki yangu arap Ng'eno. Mvua ilikuwa imepiga tangu Alhamisi, na gari lililoleta jeneza lilizama matopeni chini ya boma, gurudumu moja la nyuma likizunguka kwa hasira na la pili limetulia tuli, kama mtu asiyehusika na kesi. Wajukuu wawili wa marehemu walikuwa wamesimama kando yake wakibishana kwa sauti ya chini wakati mchungaji akiomba. "Si nilikuambia tuweke loka ya hewa hapo nyuma?" alisema wa kwanza. "Unabonyeza swichi tu, wheel zote mbili zinashika." Wa pili akatikisa kichwa. "Hiyo ya swichi utasahau kuizima. Ukifika kona gari inaenda straight. Mimi nataka ile inajifunga na kujifungua yenyewe." Hapo ndipo kicheko kilinitoka, kikubwa, mbele ya mjane na kwaya nzima. Mchungaji alifungua jicho moja. Watu wakasema mzee Zakaria amezidiwa na uchungu, wakaniletea kiti na maji ya kunywa, nami nikavipokea vyote viwili bila kuwasahihisha. Uchungu ulikuwepo kweli. Lakini mabishano yale niliyasikia mara ya kwanza vijana hao hawajazaliwa, wala baba zao, na yalikaribia kumnyima marehemu mke.

Ulikuwa mwaka mmoja katikati ya miaka ya thelathini, katika shamba moja la majani chai kati ya Kericho na Bureti. Jinsi nilivyotoka kwetu ziwani haina haja hapa. Inatosha kusema nilifika na cheti cha shule ya misheni, suruali moja ndefu, na majivuno ya kujaza lori. Msimamizi wa shamba, Mzungu mwembamba tuliyemwita Bwana Bado kwa sababu neno hilo ndilo lililokuwa salamu yake kwa kila mtu mwenye kazi mkononi, aliniuliza swali moja tu kabla ya kuniandika karani wa uchukuzi. "Wewe najua mambo ya mashini?" Nikamjibu, "Najua sana, Bwana." Mashini niliyoijua ni cherehani ya mke wa padre, na hiyo nayo niliiona kupitia dirishani. Nikapewa meza, kiti, kalamu, na nusu ya chumba katika nyumba za wafanyakazi. Njia ya mwongo ni fupi, husema wenye hekima, lakini hawasemi jinsi mwanzo wake ulivyo mtamu.

Nusu ya pili ya chumba ilikuwa ya arap Ng'eno, dereva. Alikuwa Mkipsigis mrefu, mpole, mwenye ulimi uliokataa kata kata kutofautisha g na k, b na p, t na d, au z na s, kwa hiyo gari kwake lilikuwa kari, na Bwana Bado alikuwa Bwana Pado. Mimi nilikuwa Garani Sakaria. Chumba chetu kilikuwa na dirisha la ukubwa wa kitabu cha nyimbo na ukuta wa mbao uliopitisha kila kitu isipokuwa joto. Kibuyu chake cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, kilining'inia upande wake, furushi langu la omena, dagaa wa kwetu ziwani, upande wangu, na kati yetu vita vya harufu havikuwahi kupata mshindi. "Hao wadutu wako wanaangalia mimi," alikuwa akisema juu ya omena, akigeuza uso. Nami nilimwuliza ni nani aliyemwambia maziwa yanahitaji mkaa. Lakini ugali tulikula sinia moja. Mkono wake ulipofika katikati alinisukumia upande wenye mboga nyingi bila kusema neno, na kila mara hilo lilinigusa kwa namna ambayo sikuwahi kumwambia.

Alikuwa na mchumba, Taprandich, msichana mwenye kicheko cha kuvuka mto. Tatizo lilikuwa baba wa msichana. Mzee arap Barno alikuwa mkuu wa magari ya ng'ombe pale shambani, na tangu lori lije alilitazama kama mtu anavyomtazama mke mwenza wa dada yake. Na lori lilimpa sababu. Barabara ya kutoka mashambani hadi kiwandani ilipanda mlima wa udongo mwekundu ambao mvua iliugeuza sabuni. Lori likifika nusu, gurudumu moja la nyuma lilianza kuzunguka, la pili likalala, na arap Ng'eno alibaki ndani akikanyaga mafuta bure mpaka mzee aje na ng'ombe wake wanane, mnyororo begani, akitembea polepole makusudi ili watu wamwone. Mkwe mtarajiwa kuvutwa na ng'ombe wa baba mkwe! Watu wa zamu ya kuchuma chai walikuwa wakiacha vikapu ili kutazama.

Kwa heshima ya ukwe, mzee hakumsemesha kijana moja kwa moja. Akitaka kumwambia jambo, alimwambia ng'ombe. Jioni moja tulipokuwa tunakula tulimsikia akisimama nje ya ukuta wetu na ng'ombe wake wa mbele, dume la madoadoa aliyeitwa Samoei. "Samoei," alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyumba za mwisho, "wewe umeshavuta hii kari mingi sana. Mimi naona huruma na shingo yako. Ukivuta hiyo kari mara moja tena hii mvua, moja tu, hakuna koito. Msichana atabaki nyumbani akusaidie kuvuta." Koito ni ile siku wazee wa pande mbili huketi na kukubaliana juu ya ndoa, na ya arap Ng'eno ilikuwa imepangwa mwisho wa mvua. Arap Ng'eno alirudisha tonge kwenye sinia. Kutoka upande wa pili wa ukuta mke wa Onyancha, dereva mwingine, Mkisii, alimwambia mumewe, "Umesikia? Hata ng'ombe wamepewa habari kabla ya bwana harusi."

Basi si ajabu kwamba nilidhani nina habari njema siku Bwana Bado aliponiita ofisini na kunifunulia kitabu cha picha kilichotoka ng'ambo. Kilionyesha kile kichwa cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma, ambacho madereva walikiita difu, kimepasuliwa kama boga. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba kuna kifaa kinachofunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja, kwamba kuna aina mbili, moja ya dereva kuvuta kwa mkono na moja ya kujifunga yenyewe, na kwamba niwaulize madereva wanataka ipi, maana wao ndio watakaolala nayo matopeni. Barua ingeondoka Ijumaa kwenda stesheni ya Lumbwa. Nilielewa maneno kama nusu, na nusu hiyo haikuwa na difu ndani yake. Kuuliza si ujinga, kila mtoto anajua. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema najua sana. Nikasema "Yes, Bwana" na kwenda gereji, nikasimama juu ya debe lililopinduliwa, nikawatangazia madereva: "Bwana anataka kutia kufuli nyuma ya magari. Mchague kufuli ya funguo au ya kujifunga."

Mnajua kufuli ni nini kwa mtu mwaminifu? Kufuli hutiwa kwa sababu ya mwizi. Madereva wale walikuwa wakipakia abiria wawili watatu na magunia ya wimbi siku za soko, kama madereva wote tangu gurudumu livumbuliwe, na kila mmoja alidhani ni mwenzake amemchongea. Onyancha alivua kofia ya kazi akaiweka juu ya kiti cha lori kama mtu anayerudisha mahari. "Kama mimi ni mwizi, waseme mwizi," alisema. "Nyuma ya lori langu kuna nini cha kufungia? Majani?" Arap Ng'eno alitoka akaenda madukani. Asubuhi iliyofuata nilikuta amenunua kufuli kubwa ya shaba katika duka la Mhindi, ameitundika kwenye mlango wa nyuma wa lori lake, na funguo ameiweka mezani kwangu. "Mpe Bwana Pado," alisema bila kunitazama. "Mimi sina cha kuficha." Alikuwa ameumia, na aliyemuumiza ni mimi na neno langu moja.

Wakipsigis wakiwa na jambo huitisha kokwet, baraza la majirani, na katika kokwet hakuna kupiga kura. Watu husema mpaka wote wachoke kupingana. Madereva waliitisha kokwet ya kufuli. Tulikaa gerejini juu ya matairi na madebe ya mafuta, na kwa kuwa hakuna kokwet bila mzee, na mzee pekee aliyekuwa karibu alikuwa arap Barno akisubiri mnyororo wake utengenezwe, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la kitu alichokichukia. Siku ya kwanza walizungumzia heshima. Siku ya pili walizungumzia wezi waliowahi kuwajua. Siku ya tatu, ikiwa Alhamisi na barua inangoja, nilikosa la kufanya nikatoa kile kitabu nikakizungusha, nikisema kwa kujiamini mambo nisiyoyajua. Kilipofika kwa mzee arap Barno, alikitazama kimegeuzwa juu chini kwa muda mrefu. Hakujua kusoma hata herufi moja. Akaweka kidole kwenye picha.

"Hii ni mguu ya kulia?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hii ya gushoto. Na saa hii moja inafanya kasi, ingine inalala."

"Ndiyo."

"Na hii chuma inashika yote mbili, zinatembea bamoja." Alinyanyua macho akanitazama kwa dharau ambayo niliistahili. "Garani, hii si kufuli. Hii ni nira."

Gereji nzima ilishusha pumzi. Nira! Hata mtoto anajua ng'ombe mvivu hufungwa nira moja na ng'ombe wa kazi ili asipate nafasi ya kulala. Onyancha alienda kuchukua kofia yake. Na mara neno lilipokuwa sawa, uchaguzi wenyewe ulikuja juu kwa nguvu, mabishano yale yale niliyoyasikia kando ya jeneza. Onyancha alitaka nira ya kujifunga. "Dereva ana mikono miwili," alisema, "mmoja wa usukani na mmoja wa kufukuza mbu. Huo wa kuvuta chuma utoke wapi?" Wengine wakasema chuma kinachoamua chenyewe kitaanza kuamua na mambo mengine. Mzee aliwaacha waseme, halafu akasema kwamba ng'ombe anayelala na nira shingoni huamka na kidonda, na kwamba yeye hajawahi kuona nira inayojua yenyewe saa ya kutoka. Mtu aliyeifunga ndiye anajua. Arap Ng'eno, ambaye kwa heshima hakuwa amefungua mdomo siku zote tatu, aliguna kukubali, na nadhani kuguna huko kulimfurahisha mzee kuliko hotuba. Nikaandika: ya mkono. Bwana Bado alisoma jibu, akashangaa, akaniambia ni chaguo la busara na kwamba anaona kweli najua mashini. Nami, Mungu anisamehe, nikamshukuru.

Kifaa kilikuja kwa meli na kwa treni wakati mvua kubwa zimekolea. Fundi wa Kihindi kutoka Kericho alikifunga kwenye lori la arap Ng'eno kwa siku mbili, akaacha mtaimbo mfupi wa chuma kando ya kiti cha dereva, akaondoka haraka kabla barabara haijafa. Aliacha na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. Mchana kweupe, baada ya ugali, arap Ng'eno aliniletea karatasi ile chumbani akaketi kitandani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kusomewa barua ya kwao. Lori lingejaribiwa kesho mbele ya watu wote, na mvua yote ile hakuwa amevutwa hata mara moja, kwa sababu alikuwa akibeba mzigo nusu na kusali. Karatasi ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema lori lisimame kabisa. Huo niliuelewa. Wa pili ulisema kitu kuhusu ku-engeji kufuli, lakini kulikuwa na picha ya mkono ukivuta chuma, nikasema "Halafu vuta," na picha ikaniokoa. Wa tatu haukuwa na picha. Ulisema disengeji kabla ya kona.

Sasa neno engeji nililijua vizuri. Mwalimu wetu wa misheni alipoposa, padre alituandikia ubaoni kwamba mwalimu sasa yu engeji, na tukalinakili. Na dis ikitangulia neno hulivunja. Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari langu. Nilitazama mstari ule, nikautazama tena. Ofisi ya Bwana Bado ilikuwa hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu. Ningeenda, ningeuliza, ningerudi kabla chai haijapoa. Badala yake nilikohoa nikasema, "Hapa wanasema uchumba uvunjwe kabla ya kona."

Arap Ng'eno akauliza, "Uchumba wa nani?"

"Wa dereva, nadhani. Labda ni mwiko wa wenye kiwanda."

Ningetegemea acheke. Lakini kwao wafua chuma wana miiko yao, mikali, na haikumshangaza kwamba wafua chuma wa Ulaya wana yao. "Na dereva akikataa?" aliuliza.

Nilipekua karatasi nyuma na mbele. "Hawakuandika."

Alikunja karatasi akaitia mfukoni, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama akilitazama lori lake kwa muda mrefu, na mimi nikamaliza chai yangu. Hilo ndilo ninaloona haya nalo mpaka leo. Si uongo, ni chai ile niliyoimaliza.

Kesho yake watu walijipanga pande zote mbili za mlima. Bwana Bado alisimama juu kabisa, mahali barabara inapofika udongo mgumu wa changarawe na kukata kona kali kulia mbele ya nyumba yake, ambapo Memsaab alikuwa na bustani ya kabichi iliyozungushiwa ua wa miti. Mzee arap Barno alikuwa kando ya barabara na ng'ombe wake wanane wamefungwa tayari, mnyororo begani, Samoei akicheua. Taprandich alikuwa kati ya wachumaji, kikapu mgongoni, hacheki. Lori lilikuja limejaa magunia mpaka juu. Chini ya mlima lilisimama. Arap Ng'eno alivuta chuma. Likaanza kupanda, na ninyi mliozoea magari ya siku hizi hamwezi kujua tulichokiona: magurudumu yote mawili ya nyuma yalishika matope pamoja, hatua kwa hatua, na lori likapanda sabuni ile likinguruma kama halina habari na mvua. Wachumaji walipiga vigelegele. Mzee alishusha mnyororo begani taratibu. Machozi yalinijia, na nilijiona mtu mkubwa, maana si ni mimi niliyesoma karatasi?

Lori likafika juu, kwenye changarawe, kwenye kona. Halikukata. Lilimpita Bwana Bado aliyekuwa anapiga makofi, likaingia ua wa miti kama mgeni asiyebisha hodi, likapita katikati ya kabichi kwa mstari ulionyooka ambao fundi wa kupima mashamba angeuonea wivu, likachukua kamba ya nguo, likavunja ua wa upande wa pili na kutokea tena barabarani chini ya stoo. Hapo likasimama lenyewe. Kaptula ya Bwana Bado ilikuwa imetundikwa mbele, juu ya kifuniko cha maji. Kisha nikamsikia Bwana Bado, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema bado. Alisema mengine. Mwisho wake ulikuwa kwamba arap Ng'eno ameacha kuwa dereva, na kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa chini ya arap Barno, akiongoza ng'ombe.

Sikula mchana ule. Arap Ng'eno alilala ameangalia ukuta, na aliposema, alisema neno moja tu: "Ng'ombe." Sidhani nimewahi kujichukia vile. Mtu aliyenisukumia mboga kila siku alikuwa anapoteza lori na mke kwa sababu mimi sikutaka kutembea hatua mia mbili. Saa kumi nikazitembea. Bwana Bado alikuwa verandani anakunywa chai, Memsaab yuko bustanini akiokota kabichi zilizobaki. Nikamwambia mashini sizijui. Nikamwambia sikuwahi kuzijua. Nikamwambia kosa ni langu, na nikamweleza neno lile, na padre, na mwalimu, na jinsi dis inavyovunja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe hewani. "Wewe ambia dereva," aliuliza polepole, "yeye vunja... engejimenti?" "Ndiyo, Bwana." Alikiweka kikombe chini. Alimwita Memsaab, akamwambia kwa Kiingereza, na mama yule, mwenye kabichi iliyopasuka mikononi, alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka kofia ikamtoka. Ni yeye aliyemwombea arap Ng'eno. Alisema hawezi kuvunja uchumba wa mtu kwa sababu ya kabichi. Arap Ng'eno akarudishiwa lori. Mimi nikapoteza meza, kiti na kalamu. "Wewe hapana karani," Bwana Bado alisema. "Wewe ingia chini ya lori. Toka kama wewe najua." Nilikaa chini ya lori miezi, matope yakinidondokea machoni, nikiuliza jina la kila chuma na kazi yake, nikajifunza kwamba disengeji ni kuifungua nira tu, maana magurudumu yaliyofungwa pamoja hukataa kona, mpaka wenzangu wakaomba nipewe kazi nyingine kwa ajili ya masikio yao. Ndivyo nilivyopata ufundi ulionilisha miaka arobaini. Mpaka leo mtu akiniambia najua sana, namtuma aniletee spana nisiyoitaja ukubwa, nione kama atauliza.

Lakini koito ilibaki. Lori halikuvutwa na ng'ombe, hilo kila mtu aliliona. Ila mzee aliona na kabichi, na hakuna aliyejua ameziwekaje moyoni. Siku ilipofika wazee wa upande wa arap Ng'eno waliingia ndani, na bwana harusi, kama desturi, akabaki njiani. Mimi nilienda kubeba zawadi tu. Nilikuwa nimekaa mlangoni na bakuli la mursik, ambayo kwa heshima ya siku hiyo niliinywa yote, mazungumzo yaliponyamaza ghafla na mzee arap Barno akanigeukia.

"Wewe, Garani. Watu wanasema karatasi ya Wasungu ilisema tereva avunje uchumba mbele ya kona. Ni kweli ulimwambia hivyo?"

Nilitazama bakuli. Nilikuwa nimeapa sitasema tena nisilolijua. "Ni kweli, Mzee. Nilimwambia hivyo."

"Na yeye alisikia?"

"Alisikia."

"Na kona, alikata?"

"Hakukata, Mzee."

Mzee alitikisa kichwa. Halafu akawageukia wazee wengine. "Mimi nilikuwa hapo, niliona na macho yangu. Iko kona, iko gabichi, iko Bwana Pado mwenyewe. Na huyu kijana akachagua gabichi." Akawatazama mmoja mmoja. "Wangapi wangekata? Mimi mwenyewe, mama ya huyu msichana anisamehe, ningekata." Akanyanyua kibuyu, akatema mate ya baraka kuelekea mlangoni, na yakanipata mimi. Ndani, nyuma ya kizuizi, kile kicheko cha kuvuka mto kikasikika.

Arap Ng'eno alikuwa amekaa kwenye gogo njiani, ameng'oa majani yote ya kichaka kilichokuwa karibu naye. Nilimwambia yote, swali kwa swali, jibu kwa jibu. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Alinishika mkono akanivuta mbali na boma, akatazama nyuma mara mbili.

"Garani," alinong'ona, "niliguwa nazungusha usukani mpaka mabega yakalia. Kari ndiyo ilikataa."

"Najua. Nimeshajifunza sababu."

"Hujui." Alinisogelea sikioni. "Niliona zile gabichi zinakuja. Nikasema, 'Nimevunja!' Kwa mdomo, Sakaria, kwa sauti. Nikasema mara bili. Uchumba nimevunja, nimevunja!" Alitazama tena boma la baba mkwe wake, ambako walikuwa wameanza kuimba. "Kari haikusikia."